Jogoo anawika vizuri tu, mtoto mbona haji?

Binamu yangu mmoja ni fundi wa magari, gereji yake iko huku Mbagala, alikaa na mkewe miaka mitatu na nusu bila mtoto. Katika hiyo miaka shemeji alipimwa kila kinachopimika: ultrasaundi mara nne, homoni, kile kipimo cha kupitisha dawa kwenye mirija alafu wanapiga picha ambacho alirudi nacho analia, akanywa mizizi ya Handeni, akakandwa tumbo na bibi mmoja wa Mkuranga, na mama mkwe naye kila akija anatembeza macho sebuleni anasema "nyumba imepoa hii". Binamu mwenyewe hakupimwa hata kidole. Siku moja tuko gereji nikamuuliza, wewe umeshapima? Akanicheka. "Mimi mzima bwana, kamuulize shemeji yako." Maana yake jogoo anawika, yani anasimamisha vizuri.

Nimeona niandike kwa urefu kidogo sababu wanaume wengi tuko palepale alipokuwa binamu, na hela inayoteketea hapo ni nyingi, na machozi ya wake zetu pia.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo mtaani vimefungwa kamba moja. Kusimamisha ni kazi ya mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, homoni na akili iliyotulia. Kutengeneza mbegu ni kazi ya korodani, na hizi idara mbili zinaweza zisijuane kabisa, unakuta mtu ana shida ya kusimama ila mbegu zake ni mamilioni kwa mamilioni, na mwingine anapiga mabao matatu usiku na kwenye hayo mabao hamna mbegu hata moja. Wala usidanganywe na wingi au uzito wa yale majimaji, maana kinachotoka pale zaidi ya asilimia 90 ni maji ya vifuko vya manii na tezi dume, mbegu zenyewe ni sehemu ndogo mno na kwa macho huzioni. Ndo maana mwanaume aliyefunga uzazi kwa kukatwa mirija anaendelea kumwaga kama zamani na mkewe haoni tofauti. Nilipomweleza binamu hivi akakaa kimya, alafu akasema kwa lugha yake ya gereji, "yani selfu inapiga, tenki halina kitu." Ndo hivo.

Kwa hiyo vumbi la Kongo, vidonge vya bluu, supu ya pweza ya jioni, hata kama vinakusaidia kusimama (na hizo za kienyeji nyingine zinachanganywa na dawa za hospitali kimyakimya, mtu ana presha anakunywa anaanguka), haziongezi mbegu. Lugha yetu nayo imechangia kutupoteza. Tuna hanithi kwa asiyesimamisha, tuna tasa ambalo tunamtupia mwanamke, na mgumba ambalo mtaani nalo linaishia kumwangukia mwanamke yule yule. Mwanaume anayesimama vizuri na hana mbegu hatujampa hata jina. Ila wazee wa Pwani walishajua kuna kitu, ndo wakaacha ule msemo wa kitanda hakizai haramu, mwenye kuelewa alielewa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2023 lilitoa makadirio kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anapitia ugumba kipindi fulani cha maisha yake. Kitabibu ugumba maana yake mmekutana mara kwa mara bila kinga miezi 12 na mimba haijaingia. Na ukiwachukua wanandoa wanaohangaika, karibu nusu yao upande wa mwanaume una mchango, ama peke yake ama kwa kushirikiana na shida ya upande wa mke. Nusu! Alafu angalia hilo neno mara kwa mara, madokta wanamaanisha kila baada ya siku mbili tatu. Jamaa anaendesha lori la Tunduma, nyumbani anafika mara mbili kwa mwezi, na siku za mwanamke kushika mimba kwenye mzunguko ni kama 6 hivi zinazoishia siku yai linapotoka, sasa hapo mnaweza mkamaliza mwaka mzima bila kukutana siku inayotakiwa na hakuna aliye mgonjwa kati yenu. Kama mke ameshapita miaka 35 msisubiri hata huo mwaka, miezi 6 inatosha kwenda kupima.

Sasa kiwanda chenyewe. Korodani zimening'inizwa nje ya mwili kwa sababu maalum. Mwili ni nyuzi 37, zenyewe zinataka nyuzi 2 hadi 4 chini ya hapo, ndo maana ukioga maji ya baridi ngozi inajikunja inazivuta juu, na mchana wa jua kali zinashuka zinalegea, ule ni mtambo wa kurekebisha joto na unafanya kazi bila wewe kuuliza. Ndani kuna vijirija vyembamba vimekunjwakunjwa na humo mbegu zinatengenezwa mfululizo, zaidi ya elfu moja kila sekunde. Lakini mbegu moja kuanzia inaanza kuumbwa hadi inakamilika ni kama siku 74, alafu inapita kwa wiki moja mbili kwenye kijirija kingine kirefu kilicholala nyuma ya korodani, huko ndo inapata uwezo wa kuogelea. Piga hesabu, miezi mitatu hivi.

Hiyo miezi mitatu ishike, sababu inafafanua mambo mengi. Ukiugua malaria kali mwezi wa tatu, joto likapanda 39 na zaidi siku kadhaa, mbegu zinaweza kushuka na kipimo cha mwezi wa tano kikatoka kibaya wakati wewe malaria umeshaisahau. Ukiacha sigara leo usitegemee ripoti nzuri wiki ijayo. Na mtu akikuuzia kichupa akakuambia siku saba mbegu zimejaa, mwambie mbegu za siku ya saba zilianza kutengenezwa kabla hata hujamjua.

Kipimo hakiumi, na kwa gharama ni moja ya vile vya chini kwenye safari nzima ya kutafuta mtoto, ndo maana inaniuma kuona kinafanywa cha mwisho baada ya mke kushachokonolewa kila kona. Masharti ni kukaa siku 2 hadi 7 bila kumwaga. Binamu alipewa kikopo cha plastiki chenye mfuniko, dada wa maabara akamwambia bila hata kupepesa macho, "Kaka, yote iingie humu, hasa ile ya mwanzo isipotee, usitumie mate wala sabuni wala kondomu." Ile ya mwanzo ndo imebeba mbegu nyingi, mate yanadhoofisha mwendo wa mbegu, na kondomu za kawaida zinaweza kuziua. Chumba alichopewa kilikuwa choo, komeo limelegea, nje mama mmoja anamfokea mtoto wake, jamaa akashindwa kabisa. Ikabidi akafanyie nyumbani, na sharti ni kikopo kifike maabara ndani ya saa moja tena kikiwa na joto la mwili. Picha ninayo mpaka leo: fundi mzima kapanda bodaboda, mkono mmoja kashika chuma cha nyuma, kikopo kakibana kwapani ndani ya shati lenye grisi, foleni ya Rangi Tatu haisogei, anamwambia dereva "wahi kaka, wahi", na dereva anageuka anauliza, "kuna mgonjwa?"

Hapo kwenye siku 2 hadi 7 ndo maswali ya punyeto yanapoingia, tulimalize. Punyeto haimalizi mbegu, hamna tenki ulilozaliwa nalo likikauka basi, kiwanda kinaendelea hadi uzeeni. Ukimwaga kila siku idadi kwa kila bao inapungua kiasi, ukipumzika inarudi. Kinyume chake nacho ni kosa, kuna watu wanajibana mwezi mzima wakiamini wanakusanya nguvu kwa ajili ya siku ya yai, kumbe zile mbegu zinazeekea ghalani, mwendo unapungua na vinasaba vyake vinaharibika.

Ripoti ikija watu wengi wanazimia kwa sababu hawajui kuisoma. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2021 unataja viwango vya chini hivi: ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, jumla milioni 39, zinazotembea asilimia 42 na kati yake zinazokwenda mbele ziwe angalau asilimia 30 ya mbegu zote, na zenye umbo zuri asilimia 4. Rudia hiyo ya mwisho, asilimia NNE. Nimeona mtu anaonyesha karatasi mikono inatetemeka, "kaka asilimia 94 ya mbegu zangu ni vilema", nikamwambia mzee hiyo ni nzuri, mwanaume wa kawaida kabisa mbegu zake nyingi zina kichwa kibaya au mkia umepinda, ndo tulivyoumbwa. Na hivi viwango vilitokana na wanaume zaidi ya 3,500 ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka, wakachukua wale wa mkiani kabisa, asilimia 5 ya chini, wakaweka mstari hapo. Yani walio karibu na huo mstari nao walizaa. Ukiwa chini yake nafasi imepungua tu, haijafungwa, na ukiwa juu yake bado hujapewa hati ya kuwa baba.

Kitu kingine, usihukumiwe na kipimo kimoja. Idadi inapanda na kushuka kwa mtu yule yule kama mshale wa mafuta wa gari bovu, kwa hiyo ikitoka mbaya unarudia baada ya wiki kadhaa au ile miezi mitatu. Pia kuna huu mchezo wa kuona bakteria kwenye ripoti, mtu anapewa dozi ya antibayotiki, anarudia, anapewa nyingine kali zaidi, mwaka unaisha. Kama hunawi mikono vizuri kabla ya kutoa sampuli vijidudu vya ngozi vinaingia kwenye kikopo na vinaota maabara kama kawaida. Uliza kama kweli una dalili, kama chembe za usaha ni nyingi kweli, kabla ya kumeza dozi ya tatu.

Turudi kwa binamu. Milioni 3 kwa mililita, zinazotembea asilimia 18. Daktari wa mfumo wa mkojo akamsimamisha wima, akamwambia abane pumzi ajikamue kama yuko chooni, akapapasa upande wa kushoto, akasema hapa kuna kama mfuko wa minyoo. Ni mishipa ya damu iliyovimba, kitaalamu varikosili, mishipa inayorudisha damu kutoka kwenye korodani vali zake zimelegea na damu inatuama badala ya kupanda. Karibu kila mara ni kushoto, sababu mshipa wa kushoto una safari ndefu na unaingia kwenye mshipa wa figo kwa kona ya mraba, wakati wa kulia unaunga kwa mshazari kwenye mshipa mkubwa. Damu moto ikituama pale ule mtambo wa kupoza unashindwa kazi. Kama wanaume 15 kati ya 100 wanayo na wengi wanazaa bila kujua, ila ukienda kwa wale waliokwama kupata mtoto wa kwanza unawakuta 35 hadi 40 kati ya 100. Ndo sababu inayoonekana mara nyingi kuliko zote kati ya zile zinazotengenezeka. Wanafunga ile mishipa kwa upasuaji mdogo, alafu unasubiri miezi mitatu hadi sita kuona. Angalizo: ile ndogo ambayo mkono hauigusi, imeonekana kwenye ultrasaundi tu, miongozo haishauri ikatwe, usikimbilie kisu.

Joto lina vyanzo vingine. Mpishi wa baa anayesimama mbele ya jiko la mkaa saa kumi, dereva wa masafa anayekalia injini, fundi wa kuchomelea, laptopu juu ya mapaja. Hata chupi: utafiti wa Boston uliochapishwa 2018 kwa wanaume 656 ulikuta wanaovaa boksa pana wana wingi wa mbegu wa asilimia 25 zaidi kuliko wanaobana. Haimaanishi chupi ya kubana inakufanya mgumba, ila kama ripoti yako iko chini, boksa haina madhara na bei yake unaijua. Simu mfukoni? Ushahidi wake mwepesi, mimi silali macho kwa hilo.

Kwetu Pwani kuna jambo ambalo makala za Ulaya hazigusi, busha. Kuanzia Mtwara hadi Tanga, Unguja, Pemba na kupanda Mombasa na Lamu, watu wamekulia na hadithi kwamba busha linaletwa na madafu. Madafu hayana kosa lolote. Ni minyoo midogo mfano wa uzi inayoletwa na mbu, inaweka makazi kwenye mirija ya limfu (ile inayopitisha majimaji ya mwili) na kwa wanaume inapenda hasa eneo la korodani, maji yanajaa taratibu kwa miaka, na korodani inakaa ndani ya mfuko wa maji ya moto, imebanwa. Zile dawa zinazogawiwa kwa wote mtaani ambazo watu wanazikimbia wakidhani ni za kufunga uzazi ndo zinakata huo mzunguko, kinyume kabisa cha wanachoogopa. Busha likishajaa maji ni upasuaji tu, na unaume haukatwi, naandika hivi sababu kuna wazee wamekaa nalo miaka 20 kwa hofu hiyo. Kichocho nacho, kile cha kukojoa damu, mayai yake yanaweza kukwama kwenye tezi dume na vifuko vya manii, mtu akaona damu kwenye manii akadhani karogwa. Wavuvi wa Ziwa Nyasa upande wa Malawi wamechunguzwa sana kwa hili.

Magonjwa ya zinaa nitayasema kwa kifupi ila usiyachukulie kifupi. Kisonono na klamidia vikipanda vinachoma ile mirija ya kupitishia mbegu, ikipona inaacha kovu na kovu linaziba njia, kiwanda kinazalisha na barabara imefungwa. Klamidia ndo hatari zaidi sababu mara nyingi haina dalili. Kifua kikuu nacho kinaweza kushuka hadi huko chini. Na matubwitubwi, kwa mtoto mdogo ni ya kuchekesha, ila yakimpata kijana aliyeshabalehe yanaweza kushambulia korodani na kuisinyaza. Wazazi wenye watoto wa kiume: wakati wa kumwogesha hakikisha korodani zote mbili ziko kwenye mfuko, kama moja haijashuka akifika miezi sita mpeleke, inatakiwa irekebishwe kabla ya mwaka mmoja na nusu, sio akiwa darasa la tano. Na kijana akiamka na maumivu makali ya ghafla ya korodani moja usimpake mafuta ya karafuu, inaweza kuwa imejisokota na damu imekatika, mna kama masaa sita tu ya kuiokoa.

Sasa jimu. Hapa ndo kuna kitu kinachonishangaza kuliko vyote. Vijana wanachoma sindano za testosteroni na steroidi wapate kifua, wanaamini homoni ya kiume ikizidi na uzazi unazidi. Ni kinyume. Ubongo ndo meneja wa kiwanda, unapima testosteroni kwenye damu na kutuma homoni mbili za kuiambia korodani ifanye kazi. Ukiingiza testosteroni ya nje ubongo unasema mbona ziko nyingi, unaacha kutuma oda, na korodani zinalala, zinasinyaa kabisa. Testosteroni ya ndani ya korodani inatakiwa iwe mara nyingi sana zaidi ya ile ya kwenye damu ili mbegu ziumbike, na sindano ya bega haifikishi hicho kiwango kule. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 WHO walijaribu sindano ya testosteroni ya kila wiki KAMA NJIA YA UZAZI WA MPANGO kwa wanaume na wengi wao mbegu ziliisha kabisa. Kwa hiyo yule kaka mwenye kifua cha simba anaweza akawa anatumia uzazi wa mpango bila kujua. Ukiacha, wengi mbegu zinarudi, lakini ni miezi sita, mwaka, wengine hadi miwili. Na kuna mahali mtu anaenda kulalamika hana nguvu, anachomwa testosteroni hiyo hiyo, bila kuulizwa kama bado anatafuta mtoto. Ukienda, sema mwenyewe.

Kemikali za kazini ziko na stori yake. Mwaka 1977 kwenye kiwanda cha Lathrop, California, wafanyakazi wa idara moja wakiwa wanapiga stori wakagundua kuwa karibu wote wake zao hawashiki mimba. Wakaomba wapimwe, wengi mbegu chache au hamna. Walikuwa wanashughulika na dawa ya kuua minyoo ya udongo inaitwa DBCP. Marekani ikaanza kuifungia, huku kwenye mashamba ya ndizi ya Amerika ya Kati maelfu ya vibarua walikuwa wameshaigusa, na kesi zake zilikokotwa miaka mingi. Ninachokipenda kwenye hii stori, japo ni ya huzuni, ni kwamba haikugunduliwa na daktari, iligunduliwa na wanaume waliothubutu kuambiana ukweli. Huku kwetu anayepiga dawa ya nyanya kwa bomba la mgongoni, kaptula, bila glavu, upepo unamrudishia mwilini, hajawahi kuambiwa. Wanaoyeyusha betri mbovu nao, yale madini ya risasi yanaingia kwenye damu na kwenye mbegu.

Sigara, shisha, pombe kupita kiasi na bangi, unajua jibu, zote zinapunguza idadi au mwendo. Kitambi kinafanya kitu ambacho wengi hawajui: mafuta ya mwili yana kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni, homoni ya kike, alafu mapaja yakikutana na joto linaongezeka. Sukari ikikaa muda mrefu inaua mishipa ya fahamu, bao linaweza kurudi nyuma kwenye kibofu badala ya kutoka mbele, mtu anafika kileleni hatoki kitu alafu mkojo wake una ukungu. Umri nao unatugusa, taratibu kuliko wanawake, ila baada ya 40 unaonekana.

Chakula? Mihogo mibichi na nazi na karanga za kwenye toroli, mimi mwenyewe nakula. Kuna utafiti wa Hispania wa 2018, vijana wenye afya walikula gramu 60 za lozi na jamii zake kwa wiki 14 na mbegu zikaboreka kiasi. Ila ni lozi, hazelnati na walnati, sio karanga zetu, na walikuwa wazima, sio wenye shida. Upande wa vidonge, Marekani mwaka 2020 walitoa matokeo ya jaribio kubwa la zinki na asidi ya foliki kwa wanandoa 2,370 na watoto hawakuongezeka. Pesa ya hivyo vichupa iweke kwenye kipimo.

Na ripoti ikisema sifuri? Inatokea kwa kama mwanaume 1 kati ya 100. Swali la kwanza ni kiwanda kimesimama au barabara imeziba, linajibiwa kwa kupapaswa, kwa homoni, wakati mwingine kwa vinasaba, maana kuna waliozaliwa na kromosomu X ya ziada, kama 1 kati ya wanaume 600, wengi hawajui hadi siku hiyo. Ikiwa barabara imeziba mbegu zinaweza kuchotwa kwa sindano na moja tu ikachomwa ndani ya yai maabara, teknolojia iliyofanikiwa Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ni ghali, sitakudanganya. Lakini sifuri ya barabara na sifuri ya kiwanda ni habari mbili, usikubali kuondoka hospitali bila kuambiwa yako ni ipi.

Binamu alifungwa ile mishipa mwaka jana. Wiki mbili hakunyanyua injini, akawa anakaa kwenye kiti anaelekeza vijana kwa fimbo. Mwezi wa nne baada ya hapo akapima, milioni 11, zinazotembea asilimia 34. Bado chini ya mstari, ila daktari akasema endeleeni nyumbani na mrudi baada ya miezi mitatu mkiwa wote wawili. Siku hizi mama mkwe akianza kutembeza macho, binamu anamwambia mwenyewe, "Shikamoo mama, tatizo ni langu na linashughulikiwa", na mama hana la kuongeza. Juzi nimempigia, ameshaweka alamu kwenye simu, tarehe 14, na ameshaongea na yule bodaboda wa siku ile.